Urefu wa Buti la Mwindaji



Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo huonekana dogo dukani, lakini huwa kubwa porini: buti la mwindaji liwe refu kiasi gani? Wengi hudhani kwamba buti likizidi urefu limezidi na ubora. Sivyo. Urefu wa buti huchaguliwa kwa ardhi utakayoikanyaga na saa utakazotembea. Tena mwenye kukosea hapati taabu peke yake. Kifundo kikiteguka mwendo wa saa nne kutoka barabarani, wenzake ndio watakaombeba kwa machela, na safari yote imeharibika.

Shingo ya buti, yaani ile sehemu ipandayo juu ya mguu, ina kazi tatu. Kwanza, hushika kifundo cha mguu kisipinduke juu ya mawe. Pili, huzuia maji, matope, miiba na mbegu za nyasi zisiingie ndani. Tatu, huukinga mguu na meno ya nyoka. Lakini kila kazi ina gharama yake. Buti refu ni zito, lina joto, nalo huubana ugoko usiiname mbele unapopanda mlima. Wachunguzi wa jeshi la Marekani walipopima jambo hili, waliona kwamba mzigo uliovaliwa miguuni huchosha kama mara tano ya mzigo ule ule ukibebwa mgongoni. Basi nusu kilo ya ngozi isiyo na kazi ni kama kilo mbili na nusu begani, tangu alfajiri hata jioni.

Kuvaa buti refu si dalili ya uhodari. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyefika Bukoba mwezi wa Juni 1915 pamoja na jeshi la Waingereza, aliwinda tembo kwa miguu kusini mwa Afrika katika ujana wake, naye alivaa shati, kofia na viatu vyepesi vya ngozi, miguu wazi. Sisemi tumwige, maana miiba na nyoka hawaheshimu jina la mtu. Nasema tu kwamba wepesi wa mguu nao ni silaha.

Sasa tuitazame ardhi yetu. Mtu akitoka Kanazi ataona namna tatu za nchi.

Namna ya kwanza ni migongo ya vilima na rweya, yaani zile mbuga za nyasi zilizo kati ya vijiji na vibanja vya migomba. Udongo wake ni haba na mawe yamejitokeza. Hapa lafaa buti la inchi 6 hadi 8, yaani sentimita 15 hadi 20. Urefu huo wapita mifupa miwili ya kifundo, na hilo ndilo jambo la lazima. Ukizidisha hapo, kifundo hakipati nguvu nyingi zaidi, bali ugoko huanza kuchubuka wakati wa kupanda.

Namna ya pili ni vinamasi, kama vile vya bonde la Mto Ngono. Kando ya Ziwa Victoria mvua hufika milimita 2000 kwa mwaka, kwa hiyo matope hatuyakosi. Kwa matope ya chini ya goti buti la mpira lifikalo gotini lafaa sana. Lakini lina hatari mbili. Maji yakipita mdomo wake, hugeuka kuwa ndoo mguuni. Na kwa kuwa halina kamba, halikishiki kifundo. Usipande nalo mlima wa mawe. Ikiwa ni lazima kuvuka maji mengi, buti fupi la kamba litoalo maji upesi ni bora kuliko refu liyawekalo.

Namna ya tatu ni vichaka vikavu na nyasi ndefu za magharibi, kuelekea Karagwe na Biharamulo. Huko miiba ni mingi na nyoka hawaonekani. Hapa twaweza kufika inchi 8 hadi 10, yaani sentimita 20 hadi 25. Tena iko njia nzuri zaidi kwa mwenye fedha kidogo: buti la kadiri, na juu yake kitambaa kizito kilichozungushwa kutoka kifundoni hadi chini ya goti, kama askari wa zamani walivyofanya. Ukifika penye njia safi, wakifungua na kupumzisha mguu.

Nataka kusema zaidi juu ya nyoka. Kifutu hulala kimya, hakimbii, hungoja mpaka akanyagwe. Ndiyo sababu kuumwa na nyoka kwingi hutokea wayoni, kifundoni na sehemu ya chini ya mguu. Buti la ngozi nene na suruali pana iliyoangukia juu yake hupunguza hatari, lakini haziiondoi. Swila atemaye sumu hulenga macho, na mbung'o huuma popote apendapo. Hao buti halina habari nao. Mtu akiumwa, asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Mvueni buti na bangili kabla mguu haujavimba, mguu usitikiswe, naye abebwe upesi hospitali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliandika sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Sisi wa shamba hatukuwa tumeisahau.

Mkisha chagua urefu, pimeni wenyewe kwa rula ya shule, maana mafundi wengine huhesabu na soli, wengine hawahesabu. Nunueni alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi, mkiwa mmevaa soksi zile zile za porini. Kisigino kisipande unapotembea. Vidole vipate nafasi ya kucheza. Shukeni mteremko: vidole vikigonga mbele, liacheni. Kwa buti la mtumba, tazameni soli. Iliyolika upande mmoja itaupinda na mguu wenu. Kisha livaeni nyumbani na shambani kwa majuma mawili kabla ya safari. Malengelenge ya siku ya kwanza hayana dawa siku ya pili.

Wakati wa kupanda, legezeni kamba za juu. Wakati wa kushuka, zikazeni. Jioni jazeni karatasi ndani, wala msilikaushe buti motoni, kwani ngozi itapasuka. Asubuhi likung'uteni kwanza, maana nge hupenda kulala humo.

Neno moja la sheria. Hapa Tanzania hakuna kuwinda bila kibali, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Tena Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zimekuwa hifadhi za taifa tangu 2019, na ndani yake uwindaji ni marufuku. Lakini mchungaji, mpima misitu na mlinzi wa pori hukanyaga mawe yale yale, na mafundisho haya ni yao pia.

Basi shikeni haya: kifundo kifunikwe daima, kinachozidi hapo kiombwe na ardhi, si na macho ya watu. Wazee husema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwaherini.