Sindano, sufu na jina lako: Darizi ya Waingereza ambayo ungali unaweza kuishona

KAMA unadhani kudarizi ni kazi ya shosho anayesubiri chai ichemke, ngoja kwanza. Kile kitambaa maarufu cha Bayeux, kinachosimulia jinsi William wa Normandy alivyoinyakua Uingereza mwaka wa 1066, kina urefu wa karibu mita 70. Kimedariziwa kwa mkono, uzi wa sufu juu ya kitani. Wanahistoria wengi wanaamini kilishonewa Uingereza.

Farasi, meli, wanajeshi wakikatana mapanga, yote hayo ni kazi ya sindano. Lakini waliokishona ni kina nani? Hawakuacha hata jina moja.

Darizi hii ya sufu, ambayo Waingereza huiita kruweli, ilishika kasi karne ya 17. Nyumba zilikuwa baridi, kwa hivyo wenye nazo walizungushia vitanda mapazia mazito. Kampuni ya East India, iliyoanzishwa mwaka wa 1600, ilileta kutoka India vitambaa vilivyochorwa mti mkubwa uliopindapinda, wenye maua na ndege. Wanawake wa Uingereza wakauchukua mti huo, wakauchanganya na michoro yao.

Mmoja wao alikuwa Abigail Pett. Mapazia yake yako katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Tunamjua kwa nini? Alidarizi jina lake pale pale.

Halafu kuna May Morris. Mwaka wa 1885, akiwa na miaka 23 tu, alichukua usukani wa idara ya kudarizi katika kampuni ya babake, Morris & Co. Chama cha wasanii cha Art Workers' Guild kilipowafungia wanawake mlango, alisaidia kuanzisha chama chao mwaka wa 1907. Si mchezo.

Unaanzaje?

Tafuta kitani kizito, fremu ya duara ya kukaza kitambaa, na sindano ya ncha kali yenye tundu pana. Uzi uwe sufu halisi, mwembamba. Soma lebo kwanza, maana uzi mwingi wa sweta ni akriliki. Mfuko ukiwa mwepesi, ingia mitumba: suruali kuukuu ya kitani, na sweta nyembamba ya sufu ya kufumua.

Chora jani moja kwa penseli. Kata uzi wa sentimita 40 hivi. Ukiwa mrefu sana utachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi.

Mzingo wa jani upige kwa mshono wa shina. Choma sindano mbele, kisha rudi nyuma utokee katikati ya mshono uliotoka kuupiga. Uzi ukae upande uleule kila mara. Utaona kitu kama kamba iliyosokotwa.

Ndani ya jani, piga safu ya kwanza mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Safu inayofuata tumia rangi iliyofifia kidogo, ukichoma katikati ya nyuzi za safu ya kwanza. Hapo ndipo jani linapata kivuli na kuonekana hai. Usivute sana, kitambaa kitajikunja.

Sasa, hii kitu inalipa? Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo swali hilo nalijua vizuri. Jibu ni kwamba haitakulipia rent ya mwezi huu. Jani moja linaweza kumeza jioni nzima. Lakini hakuna anayekuuliza cheti ndio ushike sindano. Ukitaka darasa, Royal School of Needlework, iliyoanzishwa mwaka wa 1872, bado inafundisha kruweli, na pia ina masomo kwa intaneti.

Ukimaliza jani lako, shuka hadi kwenye kona ya kitambaa. Kwa mshono uleule wa shina, andika jina lako. Wale wa Bayeux hawakuliacha lao.