Nembo ya biashara

Nembo ya biashara ni alama, mchoro au maandishi yanayoitambulisha biashara fulani na kuitofautisha na nyingine. Huwekwa kwenye kibao cha duka, vifungashio, risiti na mitandao ya kijamii.

Historia

Nchini Uingereza pembetatu nyekundu ya kiwanda cha bia cha Bass ilisajiliwa tarehe 1 Januari 1876, ikiwa alama ya kwanza chini ya sheria mpya ya wakati huo. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani, alichora alama ya Nike kwa malipo ya dola 35. Zote mbili ni maumbo mepesi, hivyo hukumbukwa kwa urahisi.

Sifa

Nembo ya biashara ndogo inatakiwa kutambulika hata ikiwa ndogo kwenye simu. Inafaa ijaribiwe kwa rangi moja, kwa kuwa mihuri na risiti nyingi huchapwa hivyo. Mchoro wa asili uhifadhiwe katika faili la vekta, ambalo hukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupoteza ubora. Mwenye biashara adai faili hilo kwa mchoraji.

Usajili

Alama za biashara husajiliwa BRELA kwa Tanzania Bara na KIPI kwa Kenya. Kusajili jina la biashara pekee hakulindi nembo. Kwa hiyo ni vema kuhakikisha kwanza kwamba hakuna mwingine aliyesajili alama inayofanana, kabla ya kugharimia vibao na vifungashio.