Maryland: Jimbo lililowafungia Wayahudi mlango wa uongozi kwa miaka 50

Mwezi Januari mwaka 2025, Ben Cardin alistaafu kutoka Baraza la Seneti la Marekani baada ya kuliwakilisha jimbo la Maryland kwa miaka 18. Kabla ya hapo alikuwa mbunge mjini Washington kwa miaka 20, na kabla ya hapo tena alikuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Cardin, mzaliwa wa mji wa Baltimore, ni Myahudi. Karne mbili zilizopita, mtu wa dini yake hakuruhusiwa kuwa hata diwani katika mji huo huo.

Kizuizi katika katiba

Koloni la Maryland lilianzishwa mwaka 1634, na waasisi wake walitaka liwe kimbilio la Wakatoliki waliobanwa Uingereza. Mwaka 1649 lilipitisha sheria ya uvumilivu wa kidini iliyosifiwa sana, lakini uvumilivu huo uliishia kwa Wakristo. Aliyekanusha Utatu Mtakatifu aliweza kuhukumiwa kifo.

Makoloni yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, Maryland iliandika katiba yake yenyewe. Katiba hiyo ilimtaka kila mwenye kushika wadhifa wa umma atamke kwamba anaamini dini ya Kikristo. Myahudi aliweza kufanya biashara, kumiliki mali na kulipa kodi, lakini hakuweza kuchaguliwa wala kuteuliwa.

Katiba ya shirikisho, iliyoanza kutumika mwaka 1789, ilipiga marufuku sharti la dini kwa viongozi wa taifa. Hata hivyo, marufuku hayo hayakuyafunga majimbo. Ndipo likazuka jambo la ajabu: mwaka 1801 Rais Thomas Jefferson alimteua Reuben Etting, Myahudi wa Baltimore, kuwa marshali wa shirikisho katika Maryland. Etting aliaminiwa kusimamia utekelezaji wa sheria za taifa zima, ilhali jimbo lake lisingempa hata wadhifa mdogo kabisa.

Mtetezi asiye Myahudi

Mwaka 1797, mfanyabiashara Solomon Etting na wenzake walilipelekea Bunge la jimbo ombi la kutendewa sawa na raia wengine. Ombi hilo halikuzaa matunda, na mengine yaliyofuata yakapata majibu yale yale.

Mwaka 1818 hoja hiyo ilipata mtetezi ambaye hakutarajiwa. Thomas Kennedy alikuwa mhamiaji kutoka Scotland, Mkristo, na mwakilishi wa Washington, wilaya ya wakulima magharibi mwa jimbo. Wayahudi katika Maryland yote walikadiriwa kuwa 150 tu, na Kennedy mwenyewe hakuwa na urafiki na yeyote kati yao. Kwa hiyo hakuwa na kura za kuvuna kwao. Hoja yake ilikuwa kwamba imani ni jambo baina ya mtu na Mungu wake, na serikali haina mamlaka ya kuipima.

Muswada wake ulikataliwa mara kadhaa. Ugumu ulizidishwa na utaratibu wa kurekebisha katiba, kwani ilibidi badiliko lipitishwe na Bunge moja, kisha lithibitishwe na Bunge jingine baada ya uchaguzi. Muswada ulipita kwa mara ya kwanza, na uchaguzi wa mwaka 1823 ukageuka kuwa kura ya maoni juu ya suala hilo. Mpinzani wa Kennedy, Benjamin Galloway, alijinadi kuwa mtetezi wa Ukristo. Kennedy alishindwa, na Bunge jipya likakataa kuthibitisha badiliko.

Kennedy hakukata tamaa. Alirudi bungeni, na tarehe 26 Februari 1825, siku ya mwisho ya kikao, muswada ulipita kwa kura 26 dhidi ya 25. Wajumbe 29 kati ya 80 hawakuwepo. Safari hii Bunge lililofuata lilithibitisha, mwezi Januari 1826. Mwaka huo huo Solomon Etting na mwenye benki Jacob Cohen walichaguliwa kuwa madiwani wa Baltimore. Tangu ombi la kwanza la Etting, ilikuwa imepita miaka 29.

Ushindi wenye mipaka

Hata hivyo, sheria hiyo haikuondoa sharti la dini. Iliwaruhusu Wayahudi pekee, tena kwa kutamka kwamba wanaamini kuna thawabu na adhabu baada ya maisha haya. Vilevile haikuwagusa watu weusi zaidi ya laki moja waliokuwa utumwani katika jimbo hilo hilo.

Sharti la kumwamini Mungu liliendelea hadi karne ya 20. Roy Torcaso, aliyeteuliwa kuwa mthibitishaji wa hati, alinyimwa cheti chake kwa kukataa kutoa tamko hilo. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba sharti hilo linakiuka uhuru wa dini. Maneno yake yangali katika katiba ya Maryland, lakini hayana nguvu.

Kutoka udiwani hadi ugavana

Baada ya mlango kufunguliwa, waliopita waliongezeka. Isidor Rayner aliingia Seneti ya Marekani mwaka 1905. Mwaka 1969 Marvin Mandel akawa gavana wa kwanza Myahudi wa Maryland, akashinda chaguzi mbili zilizofuata. Mwaka 1977 alitiwa hatiani kwa ulaghai, hukumu iliyofutwa miaka 10 baadaye. Brian Frosh alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo kuanzia 2015 hadi 2023, na Jamie Raskin ni mbunge mjini Washington. Kama viongozi wengine, wamesifiwa na kulaumiwa kwa matendo yao, na hakuna anayewauliza wanaamini nini kabla ya kuapishwa.

Kiti alichokiacha Cardin kilichukuliwa na Angela Alsobrooks, mtu mweusi wa kwanza kuiwakilisha Maryland katika Seneti. Sheria ya mwaka 1826 haikuwa imemfikiria mtu kama yeye.