Kwa nini garimoshi la mezani halichemshi maji

Mpwa wangu ana miaka tisa. Tulipomaliza kuzunguka Makumbusho ya Reli ya Nairobi alinirudisha mbele ya injini namba 5918, Mount Gelai, akasema: "Mjomba, nitengenezee hii, ndogo ya kukaa mezani. Lakini iende kwa mvuke wa kweli, sitaki ya umeme." Nikamjibu rahisi tu. Nilipokaa na kalamu ndipo nikajua nimemdanganya mtoto wa watu.

Tuanze na vipimo. Injini hizi za Garratt za klasi ya 59 zilijengwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ina urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani 252 hivi. Sasa, kipimo kinachopendwa sana kwa reli za nyumbani ni 1:87. Gawanya: mita 32 inakuwa sentimita 36 na ushee, mezani inakaa vizuri. Boila lenye kipenyo cha mita 2.3 linabaki milimita 26. Uzito je? Hapa usigawe kwa 87 mara moja, gawa mara tatu, maana uzito hufuata ujazo. Tani 252 zinakuwa gramu 380 hivi. Hata nusu kilo ya sukari haifiki!

Na hapo ndipo shida inapoanzia. Ujazo wa maji tumeugawa kwa 87 mara tatu, lakini eneo la nje linalopoteza joto tumeligawa mara mbili tu. Yaani kila tone la maji kwenye modeli lina eneo la kupozea mara 87 ya lile la injini kubwa. Fikiria ugali: sufuria la harusini hukaa saa nzima bado la moto, ila tonge mkononi linapoa kabla hujachovya mchuzi.

Watu wengi hudhani kikwazo ni presha. Hapana. Boila jembamba lenye kuta zilizopunguzwa kwa uwiano uleule huhimili presha ileile. Hesabu zinakubali kabisa. Kinachokwamisha ni joto. Silinda ya sentimita 52 inakuwa ya milimita 6, na mvuke ukigusa kuta zake unageuka maji kabla haujaisukuma pistoni sawasawa. Mabomba ya kupitishia moto ndani ya boila nayo yanakuwa membamba mno, gesi haipiti kirahisi.

Ndiyo maana "injini za mvuke" nyingi za mezani zina mota ya umeme tumboni, na moshi wake ni mafuta kidogo yanayopashwa moto kwenye dohani. Mwaka 2003 Hornby walijaribu njia ya katikati: Mallard ndogo ya mvuke halisi, lakini bila moto. Umeme ulipita kwenye reli ukachemsha maji ndani ya tenda. Kwangu mimi ule ni ujanja wa hali ya juu, ingawa mpwa wangu angesema nimemlaghai.

(Na tafadhali, usijaribu kwa kopo la maziwa. Nilipokuwa kidato cha pili nililiziba moja nikaliweka jikoni. Kifuniko kiliruka hadi darini. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,600. Boila lisilo na valvu ya usalama ni bomu.)

Suluhisho lipo: ongeza ukubwa. Kwenye kipimo cha 1:22.5, reli ya mita moja inakuwa karibu milimita 45, upana ambao wapenzi wa reli za bustanini wanautumia, na injini za mvuke za ukubwa huo huenda vizuri kwa gesi ya butani. Adhabu ya eneo inashuka kutoka 87 hadi 22.5. Ila Mount Gelai kwa kipimo hicho ina urefu wa mita 1.4.

Nilimwonyesha kwa futi ya fundi. Akaitazama meza, akaitazama futi, kisha akauliza kama mama yake ataruhusu tutumie korido.