Nyckelharpa, Fidla ya Vibonyezo

Katika muziki wa hevi metali, ule wa gitaa za umeme zinazonguruma na ngoma zisizompa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi, kuna tapo la wanamuziki wa Skandinavia walioamua kughani habari za Waviking, miungu yao, safari zao za baharini na vita vyao. Na miongoni mwa hao wamo wanaopendelea kuimba kwa Kiswidi, lugha ya mama zao, ijapokuwa Kiingereza ndicho kingewafungulia masoko mapana zaidi. Njia ya muziki huu wa Waviking ilifunguliwa na kundi la Bathory la Stockholm, ambalo kiongozi wake, aliyejiita Quorthon, alitoa albamu za Blood Fire Death mwaka 1988 na Hammerheart mwaka 1990, zote kwa Kiingereza. Baadaye wakaja wengine kama Månegarm wa mji wa Norrtälje, ambao katika albamu yao Vredens tid ya mwaka 2005 waliimba kwa Kiswidi na kuiweka fidla bega kwa bega na gitaa za umeme. Wapenzi wa muziki huu hutafuta ndani yake harufu ya ukale, na hakuna ala ya Kiswidi inayowapa harufu hiyo upesi kuliko nyckelharpa, ambayo ikilia mara moja tu msikilizaji yuko tayari kuapa kwamba hiyo ndiyo sauti iliyosikika katika kumbi za Waviking miaka elfu iliyopita. Kiapo hicho ni cha uongo, na habari ya kweli inapendeza kuliko dhana yenyewe.

Nyckelharpa ni ala ya nyuzi isuguliwayo kwa uta, ya ukoo mmoja na fidla, ila mpigaji wake hauzuii uzi kwa ncha ya kidole kama afanyavyo mpiga fidla, bali hubonyeza vipande vya mbao vilivyopangwa ubavuni mwa shingo ya ala, navyo ndivyo vinavyomfanyia kazi hiyo. Mpenzi wa taarabu ya Mombasa ataielewa bila taabu akiikumbuka taishokoto, ala iliyobuniwa Japani mwaka 1912 kisha ikapata makao katika taarabu ya pwani yetu, kwani hiyo nayo ina vibonyezo vinavyoukatiza uzi. Tofauti ni kwamba taishokoto hudonolewa, na sauti yake hufifia punde, ilhali nyckelharpa husuguliwa kwa singa za farasi, na sauti yake hudumu kadiri mkono wa mpigaji unavyotaka. Mpigaji huitundika kwa mkanda shingoni, ikalala mbele ya tumbo lake, mkono wa kulia ukishika uta mfupi na wa kushoto ukipita chini ya shingo ya ala kuvifikia vibonyezo.

Kitazame kibonyezo kimoja peke yake. Ni kijibao chembamba kinachopita katika tundu la kisanduku kilichowekwa kandokando ya nyuzi, na juu yake kimechomekwa wima kijiti kidogo. Kidole kikikisukuma kutoka chini, kijibao huteleza kwenda juu, kijiti kikaugusa uzi kwa ubavu na kuufupisha, na sehemu iliyobaki kati ya kijiti na daraja la ala ndiyo pekee inayotikisika, hivyo sauti ikapanda. Kidole kikiondoka, kibonyezo hurudi mahali pake, na hapa ndipo penye hekima ya mafundi wa kale: ndani yake hamna springi wala mpira wa kukivuta, bali hurudi kwa uzito wake chenyewe, kwa kuwa ala imeshikwa kwa namna ambayo vibonyezo vyote vinaning'inia kuelekea ardhini. Nyckelharpa iliyolazwa chali mezani haipigiki sawasawa, maana vibonyezo vyake havina pa kuangukia. Aliyekaa karibu na mpigaji husikia, chini ya wimbo, mbao zikigongana taratibu, na mimi nauhesabu mlio huo kuwa sehemu ya muziki wenyewe. Kijiti nacho hakikugandishwa. Fundi au mpigaji hukizungusha kidogo kulia au kushoto, na kwa kitendo hicho akairekebisha sauti ya kibonyezo kimoja bila ya kuvigusa vinginevyo.

Ala ya leo ina vibonyezo vipatavyo 37 katika safu tatu, na nyuzi 16. Nyuzi tatu ni za wimbo, kila mmoja una safu yake ya vibonyezo. Wa nne hauna kibonyezo hata kimoja, kazi yake ni kuvuma sauti moja nene chini ya wimbo. Zilizobaki ni 12, nazo haziguswi na uta wala na kidole. Hizo ni nyuzi za kuitikia. Kila kitu chenye kuweza kutikisika kina mwendo wake wa asili, yaani idadi ya mitikisiko ambayo chenyewe huiridhia katika sekunde moja, na mawimbi ya sauti yenye idadi hiyohiyo yakikifikia, huamka na kutikisika chenyewe. Basi uta unapoutikisa uzi wa wimbo mara 440 kwa sekunde, ule uzi wa kuitikia uliokazwa kwa kipimo hicho huanza kuimba bila ya kushikwa, na jirani zake ambao vipimo vyao vina nasaba na cha kwanza huamka nao kwa kiasi kidogo. Kwa kuwa nyuzi hizo ni 12, na oktava imegawanyika katika nusu-toni 12, hakuna noti inayopigwa ikakosa wa kuiitikia. Ndiyo sababu nyckelharpa iliyopigwa katika chumba kidogo chenye mazulia husikika kana kwamba imo ndani ya ukumbi mkubwa wa mawe, na mwangwi huo ndio unaomfanya msikilizaji afikirie enzi za mbali.

Tabia hiyohiyo ndiyo inayoleta tatizo inapoingizwa katika hevi metali. Gitaa la muziki huo hupitishwa kwenye kikuza sauti kilicholemezwa makusudi, kikashindwa kulifuata wimbi lote la sauti, kikakikata kilele chake, na mkato huo ukazaa lukuki ya sauti za juu ambazo hazikuwamo katika uzi. Matokeo yake ni ukuta mzito usio na upenyo. Mwangwi wa nyuzi 12, ambao ni mwororo na wenye kuchelewa, hufukiwa chini ya ukuta huo ukapotea kabisa, kikabaki kilio cha uta peke yake, ambacho fidla ya kawaida ingalikitoa kwa gharama ndogo. Kwa maoni yangu albamu bora za namna hii ni zile zinazokuwa na adabu ya kuzinyamazisha gitaa kwa muda, ala ikapewa nafasi yake kamili mwanzoni au katikati ya wimbo, kisha kishindo kikarejea.

Turudi kwenye Waviking. Zama zao wanahistoria huzihesabu tangu uvamizi wao wa kisiwa cha Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793 hadi mwaka 1066, na katika zama hizo hakuna hata noti moja ya muziki wao iliyoandikwa ikatufikia. Kilichotufikia ni vifaa vichache kutoka ardhini, kama vile filimbi za mifupa, zumari la mbao lenye matundu kadhaa lililofukuliwa katika mji wa York, na madaraja ya vinubi, baadhi yakiwa ya kaharabu. Tunayo pia shahada moja ya Kiarabu, ya at-Tartushi, msafiri wa Andalusia aliyefika katika karne ya 10 kwenye bandari ya Hedeby, ambayo leo imo Ujerumani, na ambaye maneno yake yamehifadhiwa na mwandishi Qazwini: uimbaji wa watu wa huko ulimchukiza mno, akaueleza kuwa ni mngurumo utokao kooni unaofanana na kubweka kwa mbwa. Nyckelharpa haitajwi na yeyote, wala haikuonekana kaburini wala melini.

Dalili ya kwanza inayodhaniwa kuwa ni yake ni mchongo wa kanisa la Källunge katika kisiwa cha Gotland, wa mnamo mwaka 1350, unaoonyesha wapigaji wawili. Yaani karibu karne tatu baada ya Waviking kwisha. Mwaka 1408 malaika mwenye ala ya namna hiyo alichorwa ukutani katika kanisa dogo la jumba la serikali la Siena, Italia, na karne mbili baadaye Michael Praetorius wa Ujerumani aliichora katika kitabu chake cha ala. Kwa hiyo haikuwa mali ya Waswidi peke yao. Baada ya hapo kwingineko iliachwa, ikadumu hasa katika jimbo la Uppland, kaskazini ya Stockholm, eneo la machimbo ya chuma ya Dannemora na viwanda vya kufua chuma, ambavyo vijiji vyake viliipenda kwa ngoma za harusi na karamu. Huko ndiko alikoishi Byss-Calle, aliyefariki mwaka 1847, mpigaji ambaye nyimbo zake zinapigwa hadi leo.

Lakini ala aliyoipiga Byss-Calle siyo inayosikika leo. Ya wakati wake haikuweza kutoa nusu-toni zote, na wimbo uliotoka nje ya mipaka yake haukupigika. Mwaka 1929 August Bohlin alitengeneza nyckelharpa yenye safu tatu za vibonyezo na uwezo wa kupiga noti zote, kisha Eric Sahlström, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1986, fundi na mpigaji kwa pamoja, akaisanifu, akaitungia nyimbo na kuwafundisha wengine, wakati ambapo waliobaki wakiijua walikuwa wachache. Kwa hiyo sauti inayowapeleka wapenzi wa hevi metali kwenye merikebu za Waviking ina umri mdogo kuliko taishokoto.

Heshima imeifikia pole pole. Picha yake iliwekwa nyuma ya noti ya Uswidi ya krona 50 iliyotolewa mwaka 1996, ambayo mbele yake palikuwa na sura ya mwimbaji Jenny Lind, na noti hiyo ilitumika hadi mwaka 2016. Mwaka 1998 ilifunguliwa taasisi yenye jina la Sahlström katika kijiji cha Tobo, Uppland, inayofundisha kuipiga na kuiunda. Disemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliuingiza mtandao wa wapigaji, waundaji na walimu wa nyckelharpa katika rejista yake ya njia njema za kuhifadhi urithi. Waviking hawana fungu katika sifa hizo. Ni haki ya mafundi na wapigaji wa Uppland, na kwanza kabisa ya Bohlin na Sahlström.