Brandi na mitishamba ya watawa: Pima kwa kijiko, si kwa jicho

Wageni wamekula wakashiba, sahani zimeondolewa, na mwenye nyumba angependa kuwapa kitu kidogo cha kushushia chakula. Wengi wetu huchukua chupa ya brandi tukaimimina vivi hivi. Jumapili hii, mpenzi msomaji, hebu tuichanganye na pombe tamu ya mitishamba. Kokteli hii huitwa Champs-Élysées, jina la barabara mashuhuri ya Paris, na imo katika kitabu cha vinywaji cha hoteli ya Savoy, London, kilichotolewa mwaka 1930.

Brandi yake hasa ni ya Cognac, Ufaransa. Usidanganywe na jina ukanunua Konyagi ya jirani zetu Watanzania. Hiyo ni pombe nyeupe, si brandi. Bei ya Cognac ikikutisha, brandi nyingine nzuri ya zabibu itafaa.

Mitishamba ni Chartreuse ya kijani, kazi ya watawa wa Kikatoliki wanaoishi milimani karibu na Grenoble. Walipewa maandishi ya siri yake mwaka 1605, na hii ya kijani ikaanza kutengenezwa mwaka 1764. Ina mimea 130, na hadi leo wanaoijua siri hiyo ni watawa wachache tu. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba hawataongeza kiasi wanachotengeneza kwa kuwa wanataka muda wa sala, ndiyo sababu chupa moja ni ghali na adimu.

Kwanza yeyusha kikombe 1 cha sukari katika kikombe 1 cha maji moto, uache yapoe. Weka glasi ndogo kwenye friji. Kisha chukua chupa safi ya jemu yenye kifuniko, na kwa kila mtu mmoja utie vijiko 3 vya mezani vya brandi, kijiko 1 cha Chartreuse, kijiko 1 cha maji ya limau na kijiko kimoja cha chai juu yake, halafu vijiko 2 vya chai vya yale maji ya sukari. Ongeza matone mawili ya Angostura na ujaze barafu. Funga, tikisa kwa nguvu ukihesabu hadi 15, uchuje kwa kichujio cha chai. Limau liwe la kukamuliwa papo hapo. La chupa huharibu kila kitu.

Hapa ndipo wengi huponzwa. Brandi kwa kawaida ina kileo asilimia 40, lakini Chartreuse ya kijani ina asilimia 55, na utamu wake huificha nguvu hiyo. Ukipiga hesabu, kiglasi hiki kina kileo kingi kuliko bia ya nusu lita yenye asilimia 4. Mtu anayemaliza viwili akidhani ni kama sharubati amekunywa zaidi ya bia mbili, tena kwa muda mfupi.

Kwa hiyo, kabla ya kumimina, muulize mgeni atarudi vipi nyumbani. Ikiwa ndiye dereva, mtengenezee maji yale yale ya limau na sukari, barafu nyingi na soda isiyo na rangi, katika glasi ile ile ya wenzake. Angostura usimtilie, kwani nayo ni pombe.