Chapa Rudufu: Mabishano ya Wakusanyaji wa Sarafu juu ya Jina na Aina Zake

Miongoni mwa wakusanyaji wa sarafu za Marekani liko jina moja lililozua mabishano ya miaka mingi, nalo ni jina la sarafu ambazo maandishi yake huonekana mara mbili kwa sababu ya kosa la chapa. Hapa zitaitwa sarafu za chapa rudufu. Mabishano hayo si ya maneno matupu, maana jina likikubaliwa bei hupanda, na likikataliwa sarafu hurudi kuwa senti moja tu.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kosa lenyewe linavyotokea. Chapa ni kipande cha feleji kilichochorwa picha kwa kinyume, na sarafu hupigwa kwayo. Chapa hupata picha yake kwa kukandamizwa na chapa mama, ambayo picha yake imetokeza kama ile ya sarafu. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha. Feleji ilikuwa ikikazana, ikabidi chapa itiwe motoni ilainike, kisha irudishwe chini ya chapa mama. Ikirudishwa kombo hata kidogo, picha ya pili hukaa kando ya ile ya kwanza, na kila sarafu ipigwayo kwa chapa hiyo hurithi kosa lile lile.

Mfano mashuhuri ni senti ya Lincoln ya mwaka 1955, iliyopigwa Philadelphia. Tarehe na maandishi ya upande wa kichwa yamerudiwa waziwazi, hata jicho tupu huyaona. Yakadiriwa kwamba sarafu 20,000 hadi 24,000 za namna hiyo zilitoka kiwandani, kwa kuwa kosa liligunduliwa zilipokuwa zimekwisha kuchanganywa na nyingine nyingi zilizo njema.

Hitilafu ya kwanza yahusu jina. Wengi husema "chapa mbili", kana kwamba sarafu imepigwa kwa vyombo viwili. Wataalamu huikataa kauli hiyo, kwa hoja kwamba chapa ni moja, na kilichorudiwa ni picha iliyomo ndani yake. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayobeba hoja nzima: sifa ya urudufu ni ya chapa, si ya sarafu.

Hitilafu ya pili yahusu urudufu utokanao na mashine. Chapa iliyolegea huweza kutikisika mara baada ya pigo na kuisukuma madini ya sarafu. Hapo huonekana kivuli bapa kama kingazi kando ya herufi, na herufi yenyewe hupungua upana. Katika chapa rudufu ya kweli herufi hunenepa, na ncha zake hugawanyika. Wapo wakusanyaji wasemao kwamba kionekanacho mara mbili ni rudufu, basi. Wenzao hujibu kwa mfano wa senti ya mwaka 1969 ya San Francisco. Siku hizo herufi ya S, alama ya kiwanda, iligongwa kwa mkono katika kila chapa baada ya kazi ya chapa mama kwisha. Kwa hiyo katika chapa rudufu ya kweli ya mwaka huo maandishi yamerudiwa, ila S imebaki moja. Ikiwa S nayo imerudiwa pamoja na tarehe, dalili yaelekea kwenye mashine.

Vivyo hivyo iko senti nyingine ya mwaka 1955, ambayo tarakimu yake ya mwisho ina kivuli. Wauzaji huipa jina la chapa rudufu ya maskini. Wataalamu huihesabu kuwa kazi ya chapa iliyochakaa.

Hitilafu ya tatu ni ya mipaka. Senti kumi za mwaka 1942 ziko ambazo chini ya tarakimu 2 huonekana 1, kwa sababu chapa ilikandamizwa kwa chapa mama ya mwaka 1941, kisha kwa ile ya 1942. Wengine huziweka katika fungu la tarehe juu ya tarehe. Wengine huzihesabu kuwa chapa rudufu, kwa sababu asili yake ni ile ile ya mikandamizo miwili isiyolingana. Kwa kweli majina yote mawili yaweza kusimama: la kwanza lataja kinachoonekana, la pili lataja kilichosababisha.

Kuelekea mwisho wa karne ya 20 kiwanda kilianza kutumia mkandamizo mmoja, ikadhaniwa kwamba kosa litakoma. Halikukoma. Chapa ikiinama kidogo mwanzoni mwa mkandamizo, kisha ikakaa sawa, urudufu mdogo hubaki karibu na katikati. Baadhi ya senti za mwaka 2009 zenye picha ya kijana Lincoln akisoma zina vidole vya ziada mkononi mwake. Kuna wanaozithamini, na kuna wanaosema kwamba kitu kisichoonekana bila kioo cha kukuzia hakistahili bei ya ziada.

Katika hitilafu hizi zote wapo wanaoainisha kwa sura na wapo wanaoainisha kwa asili. Sura huonwa na kila mtu, lakini huchanganya mambo yasiyo na uhusiano. Asili hudai ujuzi wa kiwandani, ila huacha ushahidi unaoweza kupimwa, kama herufi moja ya S isiyorudiwa. Hata hivyo kuijua asili hakuamui bei. Hilo hubaki kwa mnunuzi.